Kitabu Kwapani: Pablo Casals na Mikono ya Mpiga Selo

Habari za jioni, walimu wa kwaya na vijana wa vyombo. Mlioko nyuma sogeeni mbele, mvua hii ya ziwani ikipiga mabati itameza sauti yangu.

Casals, mpiga selo mashuhuri, alizaliwa mwaka 1876 El Vendrell, Katalunya, Hispania, baba yake mpiga ogani wa kanisa. Akafariki Puerto Rico mwaka 1973, uhamishoni, baada ya kuukataa utawala wa Franco, dikteta wa Hispania. Hayo yanapatikana kirahisi. Leo tuitazame mikono yake.

Alipoanza kusomea selo, ala ya nyuzi nne (C, G, D, A, kuanzia ule mnene), huko Barcelona akiwa na miaka 11, mwanafunzi alibanishwa kitabu kwapa la kulia, kisidondoke anapovuta upinde. Adabu ya ajabu! Kiwiko kikigandia ubavuni, uzi wa C unaweza kuponea, lakini uzi wa A unadai kiwiko kiinuke. Kisipoinuka upinde unagusa uzi wa D. Tena upinde unachora tao badala ya kwenda sambamba na daraja, kibao kinachoinua nyuzi, unateleza kuelekea ubao wa vidole, pale vidole vinapobana nyuzi, na sauti inakonda. Casals alikitupa kitabu hicho.

Mkono wa kushoto nao aliubadili. Selo ya ukubwa kamili ina uzi wa kama sm 69 kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja. Kwenye uzi wa D, kidole cha kwanza kikiwa E na cha nne kikiwa G, kati yao pana kama sm 9.5. Ukitaka G diezi, yaani nusu hatua juu ya G, ni kama sm 12.5. Wengi walihamisha mkono mzima, na kila kuhama kulivuta mluzi. Casals alitanua vidole. Kosa la wanaoanza ni kuacha kidole gumba nyuma: mkono unabana, cha nne hakifiki, noti inashuka. Kidole cha pili kisogee mbele, na gumba kikifuate nyuma ya shingo.

Sasa sikio. Kwa lugha yenu ya solfa, Casals alitaka ti iegemee do, na fa iegemee mi, karibu kuliko kinanda kinavyoruhusu. Kwa mstari wa selo peke yake, inang'aa. Ila mkisindikizwa na kinanda cha umeme, noti ndefu za pamoja zifuate kinanda, la sivyo mtasikia sauti zinapigana.

Na msiwe na pupa. Nota za tungo sita za mtunzi Bach za selo pekee alizikuta mwaka 1890 katika duka la nota kuukuu Barcelona, akiwa na miaka 13. Alizifanyia mazoezi kama miaka 12 ndipo akazipiga hadharani. Kuzirekodi zote ilikuwa 1936 hadi 1939. Kwaya zetu humpa kijana wimbo Alhamisi, aupige Jumapili.

Mliokuja na selo, fungueni mifuko. Tuanze na uzi wa D, kidole cha kwanza kwenye E, upinde mzima, polepole.