Albamu Isiyoingia Mara ya Kwanza: "30" ya Adele

NAKATO: Karibuni tena kipindini, hapa Kampala. Leo ni "30" ya Adele, ile ya Novemba 2021. Ndugu Okello, lawama ni ile ile kila mahali: mtu kaisikiliza mara moja, kabaki na "Easy on Me", zile nyingine 11 kazitupa.

OKELLO: Na hana kosa kubwa, dada. "Easy on Me" ilitoka tarehe 15 Oktoba, albamu ikafuata tarehe 19 Novemba. Redio zilikuwa zimeshautwanga wimbo huo zaidi ya mwezi. Sikio likakutana na rafiki mmoja na wageni 11. Utamkimbilia nani?

NAKATO: Basi wasikilizaji wanataka hesabu. Uisikilize mara ngapi ndipo ikuingie?

OKELLO: Mara sita ndani ya wiki mbili, na usizidishe moja kwa siku. Ina nyimbo 12, dakika 58 hivi. Ukiipiga mara tatu Jumapili moja, maneno utayashika, lakini utaichoka kabla hujaionja.

NAKATO: Na usichanganye nyimbo. Adele mwenyewe aliliomba hilo, na mwezi ule ule Spotify ikaacha kuweka kitufe cha kuchanganya kama chaguo la kwanza kwenye albamu. Wengi waliona ni madeko ya msanii. Lakini anza "30" kwa kubahatisha uangukie "To Be Loved": dakika 6 na sekunde 43, piano na sauti tu, hakuna ngoma. Hujui huyu mtu amepatwa na nini, na tayari anakulilia.

OKELLO: Wakati kwa mpangilio wake ni wimbo wa 11. Ukifika pale umeshapita "My Little Love", ambamo amerekodi mazungumzo yake na mwanawe kuhusu talaka. Kilio kina sababu.

NAKATO: Huo "My Little Love" ndio kipimo changu. Mara ya kwanza watu wengi huuruka, maana unakwenda polepole na unazidi dakika 6. Sielewi kwa nini Waganda tulalamikie urefu, sisi tuliolelewa na kadongo kamu, muziki wetu wa masimulizi marefu, tunaomsikiliza Paulo Kafeero akisimulia hadi chai inapoa!

OKELLO: (anacheka) Tatizo si urefu, ni spika ya simu. Wimbo huo unabebwa na besi na waitikiaji wa nyuma. Spika ya simu haina nafasi ya kutoa besi, kwa hiyo unabaki na mtu anayenong'ona. Vaa visikilizio, hata vya bei ndogo, lakini mpira wake uzibe sikio vizuri. Ukilegea, besi inavuja na umerudi pale pale.

NAKATO: Na kwenye taxi?

OKELLO: Taxi inafaa kwa "Oh My God" na "Cry Your Heart Out", kwa sababu mdundo wake unapenya ngurumo ya injini. "To Be Loved" usijaribu. Unaanza chini sana, unapandisha sauti ili uusikie, halafu mwishoni Adele anapaza koo na masikio yanauma. Huo ni wa nyumbani, usiku, sauti ikiwa katikati tangu mwanzo hadi mwisho.

NAKATO: Tuje kwenye bando. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika 58 zinakula MB 70 hivi. Mara sita ni MB 420, na tangu Julai 2021 data yetu ina ushuru wa asilimia 12. Kama huduma yako inaruhusu, ipakue mara moja penye Wi-Fi.

OKELLO: Kila mara ukiisikiliza, lipe sikio kazi moja. Ya kwanza, acha ipite tu, usihukumu. Ya pili, fuata besi. Ya tatu, maneno. Hapo ndipo "All Night Parking" hufunguka: ile piano ni ya Erroll Garner, mpiga jazi wa zamani, imewekewa ngoma za kisasa. Usipoambiwa unadhani ni kipande cha kujazia nafasi.

NAKATO: Sasa nikubane. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kukifanya kipendeze. Nitajuaje kama nimeipenda albamu au nimeizoea tu?

OKELLO: Iache siku nne bila kuigusa. Siku ya tano angalia ni wimbo gani unaokujia mdomoni ukifua au ukisubiri boda. Ikiwa ni "Easy on Me" tu, bado. Ikikujia "I Drink Wine" au ule wa kufunga, "Love Is a Game", imekuingia.

NAKATO: Na "Can I Get It"? Ile miluzi kwenye kiitikio mimi naona haipandi hata ukiirudia mara ishirini. Max Martin na Shellback wameutengeneza uingie siku ya kwanza, kwa hiyo hauna kilichofichwa.

OKELLO: Gitaa la mwanzoni ni zuri, usilikane.

NAKATO: Gitaa nakupa. Miluzi, hapana.

OKELLO: Basi uruke. Lakini kuanzia mara ya saba, si kabla.