Amerudi au Ameletwa?

SHIJA: Karibuni tena. Kulwa yupo, mimi nipo, na leo Kulwa kaja na uso wa mtu aliyelala kituoni.

KULWA: Huu ndio uso wangu wa siku zote.

SHIJA: Haya. Mvua zimekatika, vumbi limerudi, mabanda yamekauka, maana yake msimu wa mbio za njiwa hapa Mwanza umeanza. Nimeandika hapa mambo matano ya kuanzia msimu: chakula, kumzoesha njiwa sauti ya kopo la chakula, kuongeza umbali hatua kwa hatua, chanjo, na kupiga hesabu ya mwendo. Tuna dakika 25. Saa kumi na moja kwaya wanataka chumba chao.

KULWA: Tuanze na chakula.

SHIJA: Tuanze na Jumanne.

KULWA: (anacheka) Nilijua tu. Nani kakuambia?

SHIJA: Mwanao. Endelea.

KULWA: Bwana, Jumanne alfajiri nimetia njiwa 12 kwenye tenga. Makinda wa mwaka huu, miezi minne kwenda mitano. Buhongwa wamekwenda mara tatu, Kisesa mara mbili, Usagara mara mbili, na mara zote wamerudi kamili. Nikasema sasa zamu ya maji. Nikapanda kivuko kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa.

SHIJA: Bila kuniambia.

KULWA: Nikuambie ili unizuie? Saa moja na nusu nafungua tenga pale mwaloni. Wakaruka vizuri, kundi moja, wakapiga duara. La pili. La tatu. Kwa kawaida hapo wanakuwa wameshashika njia. Hawa wanaelekea majini, wakifika ukingoni wanageuka. Wanarudi juu ya miembe, wanakwenda tena, wanageuka tena. Utadhani kuna ukuta.

SHIJA: Kwao ukuta upo.

KULWA: Subiri nimalize. Duara la nane wakajikusanya, wakaingia ziwani. Nikawatazama mpaka wakawa kama punje za uwele, halafu sikuwaona. Nikapanda kivuko kurudi, tenga tupu, roho kwatu. Tuko katikati ya maji, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa ananigusa bega: “Mzee, kuku wako yule?”

SHIJA: (anacheka) Kuku!

KULWA: Nainua macho. Juu kabisa, kwenye chuma cha ukingo wa paa, kuna njiwa. Mguuni pete ya bluu. Pete za bluu Igoma yote ni zangu. Mdomo uko wazi kidogo, kifua kinakwenda kama cherehani. Upepo ukija unamfunua mkia, anajishusha, anakaza kucha kwenye chuma. Halafu akanigeuzia jicho moja. Unajua njiwa anavyokutazama kwa jicho moja, kama mtu anayekudai.

SHIJA: Alikuwa anakudai kweli. Nauli.

KULWA: Ndicho walichosema mle ndani! “Mzee, mlipie nauli.” Mwingine anasema kuku ni nusu nauli. Mimi napiga ulimi, nagonga tenga, hashuki. Kopo nimeliacha nyumbani. Basi tumekwenda hivyo, mimi chini, yeye juu, kama watu waliogombana kwenye basi moja.

SHIJA: Njiwa gani huyo?

KULWA: (kimya)

SHIJA: Kaka Kulwa.

KULWA: Risasi.

SHIJA: (anacheka muda mrefu) Risasi! Wasikilizaji, mnamkumbuka Risasi. Wiki tatu tumeambiwa habari za Risasi, kifua cha Risasi, bawa la Risasi. Risasi kapanda kivuko!

KULWA: Sikiliza mwisho wake basi. Tumekaribia mjini, Jiwe la Bismarck hilo linaonekana, akajirusha. Duara moja tu, akashika njia ya Igoma. Mimi nimeshuka, nimesubiri daladala, nafika nyumbani saa tatu na nusu, yuko juu ya banda anajichambua manyoya. Na kijana anasema alifika mapema sana. Kwa hiyo amerudi.

SHIJA: Ameletwa.

KULWA: Amerudi kwa mabawa yake mwenyewe!

SHIJA: Kutoka Bismarck mpaka Igoma, ndiyo. Kutoka Kamanga mpaka Bismarck alikuwa abiria. Na kuanzia leo jina lake ni Abiria.

KULWA: Usimbadilishie mtu jina.

SHIJA: Nikuulize swali la hesabu, tena ni jambo la tano kwenye orodha yangu, tulimalize hapahapa. Mwendo wa njiwa tunaupiga kwa mita kwa dakika, maana kila banda lina umbali wake kutoka pale mlipoachia. Wa Igoma na wa Kitangiri hawasafiri sawa, kwa hiyo anayetangulia kutua si lazima ndiye mshindi. Unachukua mita za banda lako, unagawanya kwa dakika alizotumia. Sasa huyu Abiria, mita za kivuko unazitoa au unaziacha?

KULWA: Huwezi kuzitoa.

SHIJA: Basi kivuko nacho kivishwe pete.

KULWA: (anacheka) Wewe mwanamke.

SHIJA: Jike mmoja wa Ubelgiji, New Kim, aliuzwa mwaka 2020 kwa euro milioni 1.6. Huyo hata angepanda kivuko ningemwelewa, ana hadhi ya kukaa vitini. Abiria wako kasimama juu ya paa.

KULWA: Unajua mimi naona nini? Naona akili. Njiwa mjinga anaanguka majini. Huyu kaona chuma kinaelea, kinaelekea nyumbani, kapumzika, kaangalia upande, alipoona jiwe analolijua kaondoka. Si ulisema mwenyewe hapa kuhusu wale watafiti wa Oxford?

SHIJA: Nilisema. Waliwafunga njiwa vifaa vya GPS mgongoni, wakakuta wengine wanafuata barabara, tena wakifika njia panda wanakata kona kama gari. Wamezoea njia, basi wanaifuata hata kama ya mkato ipo.

KULWA: Na Risasi kafuata kivuko. Tofauti iko wapi?

SHIJA: Barabara haimbebi mtu!

KULWA: Daladala je?

SHIJA: Usinichanganye. Ndiyo maana mimi ningekwenda Busisi. Pale maji ni kilomita 3 tu na daraja liko juu yake. Njiwa ana mstari wa kuushika kwa macho, anavuka, anaikuta Usagara anayoijua, anageuka mjini.

KULWA: Kwa hiyo njiwa wangu wavuke foleni na malori ya Geita.

SHIJA: Angalau Abiria angepata lifti ya bure.

KULWA: Tena wewe ndiye wa jua na saa. Waambie ile ya jua, ni nzuri.

SHIJA: Ile ni hivi. Njiwa anatumia jua kama dira, na ndani yake ana saa ya kumwambia jua linapaswa kuwa wapi muda huo. Watafiti waliwafungia kwenye chumba chenye taa, wakawasogezea mchana wao kwa saa sita. Walipowaachia nje jua linawaka, wakaondoka wamekosea karibu robo ya duara. Dira nzima, saa mbovu.

KULWA: Ndiyo maana mimi siachii njiwa mchana. Hapa kwetu saa sita jua liko utosini, litamwonyesha upande gani? Asubuhi jua liko Magu, kila mtu analiona liko Magu.

SHIJA: Hapo tunakubaliana. Andikeni tarehe.

KULWA: Haya, chakula sasa.

SHIJA: Bado. Wangapi wamerudi?

KULWA: Kumi.

SHIJA: Tisa na abiria mmoja. Wa kwanza katua baada ya muda gani?

KULWA: Kijana kaandika dakika 41.

SHIJA: Kamanga kwako Igoma kwa mstari wa njiwa haifiki kilomita 20. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na hao wanaweza zaidi, ni robo saa na ushei. Dakika 41, kaka. Walikuwa wapi?

KULWA: Walikuwa wanajifunza.

SHIJA: Walikuwa wanaogopa. Juu ya maji mapana njiwa hana pa kutua, na ule upepo wa joto unaomnyanyua juu ya nchi kavu haupo. Ametoka kwenye asili ya ndege wa majabali. Njiwa wengi wakipewa uchaguzi watazunguka ufukweni. Wewe hukuwapa uchaguzi, umewapa makinda wa miezi minne maji kama mtihani wa kwanza wa msimu.

KULWA: Shija, hapa ni Mwanza. Maji yako kaskazini, maji yako magharibi. Mashindano yetu yakihamia upande wa Sengerema utafanyaje, utaandika barua ziwa lisogee? Njiwa anayeogopa maji akiwa na miezi minne ataogopa akiwa na miaka minne. Mimi nataka kujua sasa. Watu wa Nansio wanafuga njiwa kisiwani, kila safari ya kwao ni maji.

SHIJA: Njiwa wa Nansio kafungua macho akaona maji. Wako kafungua macho akaona gereji.

KULWA: Maji yanachuja. Ndivyo kundi linavyopatikana. Unaanza na 12, unabaki na nane wazuri.

SHIJA: Kuchuja ni wewe kukaa bandani, kumshika njiwa, kumwangalia jicho, bawa, koo, ukasema huyu bado. Ukimtupa ziwani asirudi, hujachuja. Umepoteza.

KULWA: Hilo ni neno kali.

SHIJA: Wawili hawajarudi. Ni akina nani?

KULWA: Dume mmoja wa madoa.

SHIJA: Na?

KULWA: Unajua.

SHIJA: Nataka useme wewe.

KULWA: Yule jike wa kijivu. Mwenye shingo ya zambarau.

SHIJA: Mtoto wa jozi yangu. Nilikukabidhi ana manyoya ya njano kichwani bado, nimembeba kwenye kikapu kutoka Nyegezi mpaka kwako.

KULWA: Nilipewa, dada. Ukishanipa, ni njiwa wangu, na mafunzo ni yangu.

SHIJA: Sijakataa.

KULWA: Ningemficha nyumbani kwa sababu ni wako, angekuwa pambo.

SHIJA: Pete yake ina namba ya simu?

KULWA: Ina mwaka na namba ya banda.

SHIJA: Namba ya simu?

KULWA: Hapana.

SHIJA: Kwa hiyo aliyemwokota Kamanga amemla.

KULWA: Au amemfuga.

SHIJA: (kimya)

KULWA: Niliacha namba yangu kwa vijana wa bodaboda pale mwaloni. Jumatano nimepiga, jana nimepiga. Na mwewe wapo, siwezi kusema uongo, nilimwona mmoja juu ya miembe kabla sijafungua tenga.

SHIJA: Ukafungua.

KULWA: Mwanza hii utapata wapi asubuhi isiyo na mwewe? Hata hapa dirishani yupo, yule pale, anazunguka juu ya wauza samaki.

SHIJA: Ningesubiri apite. Ningewapa nusu saa.

KULWA: Na mimi ningekosa kivuko.

SHIJA: Kivuko tena! Kila kitu kwenye habari hii kinafuata ratiba ya kivuko, hata njiwa.

KULWA: (anacheka kidogo) Unacheka lakini umekasirika.

SHIJA: Vyote viwili. Na bado nasema ulikosea.

KULWA: Na mimi nasema wale tisa sasa wanajua maji, na wako kule Nyegezi hawayajui, ingawa wanayaona kila siku.

SHIJA: Wangu 14 wote wako bandani jioni hii.

KULWA: Tutawaona siku ya Sengerema.

SHIJA: Tutawaona.

KULWA: (kimya kidogo) Huyo nani anagonga?

SHIJA: Kwaya. Jamani, dakika nne! Mambo matano niliyoandika... tumegusa moja. Chanjo tunaahirisha, naona mmeuliza sana kuhusu ugonjwa wa mdondo, tutaleta mtu wa mifugo azungumze badala ya sisi kubahatisha. Kaka Kulwa, chakula, kwa haraka.

KULWA: Kwa haraka siwezi. Mtama, uwele, mahindi ya kuvunja, dengu kidogo kwa nguvu. Jioni ya kuamkia safari unapunguza, asubuhi humpi, anapata akirudi. Njiwa aliyeshiba hana haraka ya nyumbani. Na kopo...

SHIJA: Kopo ulilolisahau.

KULWA: Kopo la maziwa ya unga, unatia mtama, unalitikisa kila unapolisha, tangu kinda hajaanza kuruka. Sauti moja, kopo moja, usibadilishe. Akiwa juu kabisa akilisikia...

SHIJA: Hata akiwa juu ya paa la kivuko?

KULWA: Ningekuwa nalo angeshuka! Naapa angeshuka. Tena ningempa mtama mbele ya wale wote.

SHIJA: Na wewe ungelipa nauli ya wawili. Hatua za umbali, wiki ijayo. Wanaingia, tuondoe hivi viti. Jumamosi unawapeleka wapi?

KULWA: Nje.

SHIJA: Nje wapi?

KULWA: Tenga limeshaoshwa, wewe utasikia.

SHIJA: Kulwa. Unawapeleka wapi?

KULWA: Zima hicho kitu kwanza.