Kofia ya Lincoln na Kiti cha Mbunge Mweusi

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji wetu, popote mlipo. Onesmo, za Minneapolis?

ONESMO: Njema, da Zuhura, baridi tu haijatuacha. Umeshapiga kura yako ya mchujo?

ZUHURA: Jumanne asubuhi. Na kipindi cha leo kimetokea hapohapo mezani kwa karani. Unataja jina, anakukuta kwenye orodha, halafu anakuuliza, foleni nzima ikisikia: unataka karatasi ya chama gani? Unajibu, anaandika. Illinois hakuna kadi ya chama. Lakini siku ya mchujo lazima ukitaje chama kwa mdomo wako, na alichoandika karani kinabaki kumbukumbu ya wazi. Watu wa kampeni wanaisoma.

ONESMO: Msikilizaji mgeni asichanganye. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, huulizwi. Ni mchujo tu.

ZUHURA: Ni mchujo tu, lakini kwa Mmarekani Mweusi wa kusini swali hilo lilikuwa kufuli. Texas, Chama cha Democratic kilijiita klabu binafsi, kikasema mchujo wake ni wa Wazungu peke yao. Na kwa kuwa Novemba kilishinda chenyewe karibu kila mahali, mchujo ndio uliokuwa uchaguzi. Ukizuiwa pale, Novemba unakwenda kuidhinisha aliyechaguliwa na wengine. Mahakama ya Juu ilivunja utaratibu huo mwaka 1944, kesi ya Smith dhidi ya Allwright.

ONESMO: Basi tufuate mpango. Kwanza vyama: kwa nini wabunge Weusi wote walikuwa chama kimoja, kisha wakahamia kingine. Halafu mwishoni da Zuhura ana mambo matatu ya kufanya kwa msikilizaji aliye Marekani. Na kabla hatujaanza: kwenye kipindi hiki "jimbo" ni Illinois, ni Alabama. Sehemu ya mbunge mmoja tunaiita "eneo bunge", kama Kenya. Mimi Mtanzania nimekubali kwa leo tu.

ZUHURA: Nimekushukuru. Anza na 1870.

ONESMO: Februari 1870 Hiram Revels wa Mississippi anaingia Seneti. Desemba mwaka huohuo Joseph Rainey wa South Carolina anaingia Baraza la Wawakilishi. Wote Republican, chama cha Lincoln. Kuanzia hapo mpaka Machi 1901 walipita Kongresi Weusi 22: maseneta 2 na wawakilishi 20. Wote 22 ni Republican. Hakuna hata mmoja wa upande wa pili, kwa sababu kusini Democratic ndicho kilikuwa chama cha mabwana wa watumwa wa jana. Wa mwisho ni George Henry White wa North Carolina. Mwaka 1900 jimbo lake lilipitisha mtihani wa kusoma na kodi ya kura, na likaweka kifungu cha babu: kama babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867, unasamehewa mtihani. Babu wa Mweusi angeipata wapi haki hiyo? White hakugombea tena. Kongresi ikakaa bila Mweusi hata mmoja kwa miaka 28.

ZUHURA: Aliyerudisha ni Chicago.

ONESMO: Nilijua utafika Chicago.

ZUHURA: Nimefikaje? Ndiko historia ilikokwenda! Oscar De Priest anachaguliwa 1928, anaapishwa 1929. Republican bado. Mwaka 1934 anaangushwa na Arthur Mitchell, Mweusi wa kwanza kuingia Kongresi kwa tiketi ya Democratic, na Mitchell mwenyewe alikuwa Republican siku si nyingi kabla. Mtaa uleule, wapiga kura walewale. Kilichobadilika ni mdororo wa uchumi, kazi za serikali ya Rais Roosevelt wa Democratic, na mashine ya Democratic, yaani mtandao wa kampeni wa chama, iliyoshika jiji. Watu husema Weusi walihama 1964, Rais Johnson wa Democratic aliposaini Sheria ya Haki za Kiraia na mpinzani wake wa Republican, Goldwater, akaipinga. Mwaka 1964 ulipigilia msumari. Safari ilianza miaka 30 nyuma yake. Na hata baada ya hapo, Edward Brooke alichaguliwa seneta wa Massachusetts mwaka 1966 akiwa Republican.

ONESMO: Sasa Weusi karibu tisa kwa kumi wanapigia Democratic. Je, ni nguvu au ni kamba? Hapo ndipo nilitaka...

ZUHURA: Ngoja, kabla ya kamba nataka niseme kitu cha Illinois, kifupi. Kuanzia 1872 mpaka 1980, Baraza la Wawakilishi la bunge la jimbo hili lilikuwa na wabunge watatu kwa kila eneo bunge. Kila mpiga kura alikuwa na kura tatu, na aliruhusiwa kuzilimbika. Zote tatu kwa mtu mmoja, au moja na nusu kwa wawili, au moja moja kwa watatu. Sasa piga hesabu. Wapiga kura 100,000. Kundi la watu 26,000 likimpa mtu wake kura zote tatu, anapata 78,000. Waliobaki ni 74,000, wana kura 222,000. Ili wamzuie, lazima wagombea wao watatu wote wampite, yaani zaidi ya 234,000. Hawana. Mtu wa kundi dogo ameingia, na hakuna aliyemchorea mpaka.

ONESMO: Kwa hiyo robo na ushee tu inatosha.

ZUHURA: Inatosha. Ndivyo John W. E. Thomas alivyochaguliwa Chicago mwaka 1876, Mweusi wa kwanza katika bunge la Illinois, na ndiye aliyesukuma sheria ya haki za kiraia ya jimbo mwaka 1885. Na uzuri wake wa pili ni kwamba mtaa wa Weusi uliweza kutoa wabunge wa vyama viwili. Kiti kimoja Democratic, kingine Republican, wote kutoka mitaa ileile.

ONESMO: Na ubovu wake?

ZUHURA: Upo. Chama kikisimamisha watatu mahali kilipo na nguvu ya wawili, kura zinagawanyika na kinaweza kubaki na mmoja. Kwa hiyo vyama vikawa waoga: huyu anasimamisha wawili, yule mmoja, wagombea watatu kwa viti vitatu, na mwananchi anaitwa kupiga kura ambayo haichagui chochote. Novemba 1980 wananchi wakaufuta. Baraza likapungua kutoka viti 177 hadi 118, kiti kimoja kwa eneo bunge. Na palepale kila kitu kikaanza kutegemea anayechora mpaka. Palepale ndipo inapoingia kofia.

ONESMO: Kofia gani tena?

ZUHURA: Katiba ya Illinois ya 1970. Bunge lina mpaka Juni 30 ya mwaka unaofuata sensa kupitisha mipaka mipya. Likishindwa, inaundwa tume ya watu 8, wanne wanne kwa vyama. Tume ikishindwa nayo, Mahakama ya Juu ya jimbo inatoa majina mawili, moja la kila chama, na Katibu wa Jimbo anaokota moja hadharani. Atakayeokotwa anakuwa mjumbe wa tisa. Maana yake chama chake kinachora ramani nzima.

ONESMO: Bahati nasibu!

ZUHURA: Kura ya kuokota. Waliotunga katiba waliamini hakuna chama kitakachothubutu kuweka miaka kumi rehani namna hiyo, watapatana tu. Hawakupatana. Mwaka 1981 wakaokota, Democratic ikapata. Mwaka 1991 wakaokota, Republican. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo alikuwa Jesse White, Mweusi wa kwanza kushika ofisi ile, akatia mkono katika mfano wa ile kofia ndefu ya Lincoln. Likatoka jina la Democratic.

ONESMO: Da Zuhura, dakika kumi na tano zimekwenda, na kati yake...

ZUHURA: Usinikate, kofia hii ndiyo jibu la swali lako la kamba. Obama aliingia Seneti ya Illinois 1997. Miaka sita alikaa upande wa wachache, kwa ramani ya 1991. Miswada mingi ya wachache inafia kwenye kamati, haifiki hata kujadiliwa. Kofia ikaokotwa 2001, ramani ikabadilika, na eneo bunge lake la 13 likanyooshwa kutoka Hyde Park kufuata ziwa mpaka kwa matajiri wa Gold Coast. Uchaguzi wa 2002 Democratic ikachukua Seneti, na Januari 2003 Emil Jones, Mweusi wa Chicago, akawa rais wa Seneti. Mwaka huo huo Obama akapitisha sheria ya polisi kurekodi kwa video mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Ni mtu yuleyule wa 1997. Mwaka 2004 akachaguliwa seneta wa Marekani.

ONESMO: Kwa hiyo unasema kiti si kitu, wingi wa chama ndio kila kitu.

ZUHURA: Nasema kiti bila wingi ni nafasi ya kusikiliza. Na ndiyo sababu siipendi dawa ya kurundika; heri Weusi wawe na ushawishi katika maeneo mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa Republican waliunga mkono maeneo bunge yenye Weusi wengi, na walikuwa na hesabu yao: ukiwarundika Weusi katika maeneo machache, maeneo ya jirani yanabaki yako. Tazama Georgia. Uchaguzi wa 1990 walikuwa na wawakilishi 10 Washington: Democratic 9, Republican 1, na Mweusi mmoja, John Lewis. Kufikia katikati ya 1995 wako 11: Republican 8, Democratic 3, na wale watatu wote ni Weusi. Weusi wameongezeka mara tatu, na chama chao kimebaki na watu watatu.

ONESMO: Hapo hapana. Kwanza, mmoja wa wale wanane, Nathan Deal, alichaguliwa kwa Democratic akahama chama Aprili 1995. Huyo hakuhamishwa na ramani. Wazungu wa kusini walikuwa wanaondoka Democratic tangu Goldwater, na wangeondoka hata kama mipaka isingeguswa. Pili, usipochora eneo bunge lenye Weusi wengi kusini, hupati "ushawishi" katika maeneo matano. Unapata sifuri. North Carolina ilikaa bila Mweusi Kongresi tangu White wa 1901 mpaka 1992. Waliowarudisha ni Eva Clayton na Mel Watt, na ni kwa sababu ramani ilichorwa. Miaka 91 ya kusubiri ushawishi!

ZUHURA: Na eneo bunge la Watt lilikuwa utepe wa kilomita 250 kando ya barabara kuu. Mahakama ililikemea 1993, Shaw dhidi ya Reno.

ONESMO: Umbo lilikuwa baya. Haja ilikuwa ya kweli. Na sheria, ile ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, haikuruhusu kuchora ovyo. Tangu kesi ya Gingles ya 1986 ilibidi uthibitishe mambo matatu: kundi ni kubwa na limekaa pamoja kiasi cha kuwa wengi katika eneo bunge moja; linapiga kura kwa umoja; na Wazungu nao wanapiga kwa umoja kiasi cha kumwangusha mgombea wake kwa kawaida. Ukikosa moja, kesi imekufa. Hilo la tatu ndilo wewe unaliruka. Mahali ambapo Mweusi aliye asilimia 35 anaangushwa kila uchaguzi, ushawishi wake uko wapi?

ZUHURA: Siliruki. Nakupa Alabama. Weusi ni asilimia 27, viti 7, wakapewa kimoja. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikakubaliana na waliosema hapana. Ramani mpya, eneo bunge la pili, Weusi karibu nusu tu ya wapiga kura. Na Shomari Figures akashinda 2024. Karibu nusu, Onesmo! Hakuhitaji asilimia 60.

ONESMO: Alishinda kwa sababu mahakama ililazimisha ramani kwa sheria ileile unayosema huipendi!

ZUHURA: Sheria naipenda. Kurundika ndiko nisikokupenda.

ONESMO: Kwa Mweusi wa Mobile, Alabama, huo ni mchezo wa maneno. Alikuwa hana mtu, sasa anaye. Na hoja yako ya wingi wa chama inakugeukia mwenyewe. Njoo huku kwangu Minnesota. Uchaguzi wa 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, amechaguliwa Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa Democratic, tukashangilia. Baraza likatoka sare, 67 kwa 67. Februari 2025 spika akawa Lisa Demuth, Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Republican. Kwa hesabu yako ya madaraka, Mweusi mwenye nguvu kuliko wote katika baraza letu anatoka chama ambacho Weusi wengi hawakipigii. Utasema ni uwakilishi?

ZUHURA: Ni uwakilishi wa waliompigia.

ONESMO: Na Byron Donalds wa Florida, Burgess Owens wa Utah? Maeneo bunge yao ni ya Wazungu wengi.

ZUHURA: Hao wamechaguliwa na maeneo yao na nawaheshimu kama wabunge. Lakini mtaa wa Weusi wa Chicago zamani ulimchagua Republican wake wenyewe, kwa kura zao zilizolimbikwa. Huyo akihama msimamo, wanamwondoa. Owens anaondolewa na watu wa Utah. Tofauti ni nani ameshika mkia wa ng'ombe.

ONESMO: Kwa hiyo unataka turudi kura tatu?

ZUHURA: Nataka, ndiyo. Kwa bunge la jimbo, kesho.

ONESMO: Na Mississippi ambako hazikuwahi kuwepo, wakae wanasubiri? Mimi nachukua ramani ya mahakama leo.

ZUHURA: Unachukua ramani ambayo chama kingine kimefurahi kukupa.

ONESMO: Kifurahi. Nina mbunge.

ZUHURA: Naambiwa zimebaki dakika mbili. Na yale mambo matatu yangu yote yako hapa kwenye daftari, hatujafungua ukurasa.

ONESMO: Kofia imeyala.

ZUHURA: Hayawezi kuingia katika dakika mbili, naona tuyaache. Ila msikilizaji mmoja wa Rockford ameuliza kama 2011 na 2021 kofia ilitumika. Haikutumika. Democratic ilishika bunge lote na ugavana, ikachora yenyewe kabla ya tarehe.

ONESMO: Unaona sasa? Na hapo hukulalamika.

ZUHURA: Nimelalamika! Rudi usikilize kipindi cha sensa.

ONESMO: Nitarudi. Lakini Georgia bado nakukatalia.

ZUHURA: Na mimi sijakuachia. Kwaherini, wasikilizaji.