Waziri Aliyejiuzulu: Mhadhara juu ya Maisha ya Ali Hassan Mwinyi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanachuo mnaojiandaa kushika chaki: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Najua wengi mmekuja kusikia habari za ruksa, mitumba na maduka kujaa bidhaa. Nitafika huko. Ila mtaniwia radhi nianzie Januari 1977, maana kwa imani yangu mtu asiyeijua Januari ile hawezi kumwelewa Mzee Mwinyi, hata akiijua bajeti yake kwa ncha ya ulimi.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali iliamua kupambana na mauaji yaliyokuwa yakiitia aibu nchi. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Nia ya kuyakomesha ilikuwa njema. Lakini polisi na maofisa wa usalama waliopewa kazi hiyo wakakusanya washukiwa kwa mamia, wakawatesa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Watu waliokamatwa kwa jina la kulinda uhai wakapokonywa wao wenyewe uhai.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo Shinyanga, na hakushitakiwa kwa kutoa amri ya kumpiga mtu yeyote. Hata hivyo habari zilipobainika aliandika barua ya kujiuzulu, na Mwalimu Nyerere akaikubali. Wengine nao waliondoka: Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye maofisa waliotesa walifikishwa mahakamani, wakahukumiwa.

Naomba tulitazame tendo lile kwa makini. Serikali ya chama kimoja haikuwa na upinzani bungeni wa kumshinikiza waziri. Magazeti yalikuwa ya chama na serikali. Katiba ya Muungano haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo ndugu wa marehemu wangeishika wakaenda nayo kortini. Waziri angeweza kusema, na wangekuwapo wa kumwamini, kwamba makosa ni ya watendaji wa chini huko mikoani. Yeye akaona kwamba waliokufa walikufa chini ya jina lake. Ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke leo.

Sasa mtu huyu alitoka wapi? Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Akiwa bado mtoto akapelekwa Unguja, Mangapwani, kutafuta elimu ya dini, na huko ndiko alikokulia, akasoma shule, akajiona Mzanzibari na wenziwe wakamwona hivyo. Akawa mwalimu. Alianza kufundisha Mangapwani mwaka 1945, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu, akaenda Uingereza kusomea elimu katika Chuo Kikuu cha Durham, akarudi kufundisha walimu katika chuo cha ualimu cha Unguja. Kwa hiyo nyinyi mlioko hapa mna haki ya kumwita mwenzenu. Miaka yake ya kuandaa masomo na kusahihisha madaftari ni mingi kuliko aliyokaa Ikulu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu Zanzibar, kisha akapelekwa kwenye shirika la biashara la serikali, na mwaka 1970 Mwalimu akamwita bara kuwa Waziri wa Nchi. Akashika Wizara ya Afya tangu 1972, halafu Mambo ya Ndani 1975. Hapo mnajua kilichotokea.

Alipojiuzulu wapo waliodhani habari yake imekwisha. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akakaa Cairo hadi 1981. Haikuwa miaka ya kulala: Sadat alikwenda Jerusalem Novemba 1977, akatia saini Camp David mwaka uliofuata, na nchi za Kiarabu zikaitenga Misri. Balozi wa Tanzania, nchi iliyokuwa imevunja uhusiano na Israel, alikuwa na kazi ya kuyatazama hayo yote na kuchunga ulimi wake. Aliporudi akapewa Maliasili na Utalii.

Kisha ikaja Januari 1984. Wazee wa Unguja wanaposema hali ya hewa ya kisiasa ilichafuka, wanazungumzia mwezi huo. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, aliyekuwa akitaka muundo wa Muungano uangaliwe upya, alibanwa katika Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, akaachia nyadhifa zake zote. Akatafutwa mtu wa kuituliza Zanzibar, akapatikana Mwinyi. Mimi sishangai. Kwa waliokuwa wakimtafuta kiongozi asiyeng'ang'ania kiti, alikuwapo mmoja aliyekwisha kukiacha cha uwaziri mbele ya macho ya nchi nzima.

Alikaa Rais wa Zanzibar mwaka mmoja na miezi kadhaa tu, lakini mwaka huo ulikuwa mzito. Ilipitishwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, yenye sura ya haki za binadamu na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe wa kuchaguliwa na wananchi. Bei ya karafuu, uti wa mgongo wa visiwa, ilikuwa imeanguka, na serikali yake ikafungua milango ya biashara. Mwaka huohuo haki za binadamu ziliingizwa pia katika Katiba ya Muungano, ingawa mahakama ziliruhusiwa kuanza kuzitumia Machi 1988, yeye akiwa tayari Rais. Siwezi kuisoma sura ile bila kuwafikiria waliofia mahabusu mwaka 1976.

Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha kusema atang'atuka. Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi walimwona ndiye mrithi, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Yakabaki majina matatu midomoni mwa watu: Rashidi Kawawa, Salim Ahmed Salim na Mwinyi. Chama kikampitisha Mwinyi. Aliapishwa tarehe 5 Novemba 1985.

Alikabidhiwa nchi gani? Nawaeleza vijana kwa sababu nyinyi hamkuiona. Sabuni, sukari, unga, dawa ya meno, kitenge, betri za redio, vyote vilikuwa bidhaa adimu. Watu walipanga foleni usiku. Aliyechoka aliweka jiwe au kikapu kumshikia nafasi. Vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin ilikuwa imekomba hazina, mafuta yalikuwa ghali, viwanda havikuwa na vipuri. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na marobota ya nguo nyumbani alikuwa mashakani. Fedha za kigeni zilikuwa hadithi. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, yalikuwa yamekwama miaka mingi, maana Mwalimu alikataa masharti yake, hasa la kushusha thamani ya shilingi.

Hapa nataka kunyoosha jambo moja linalopotoshwa sana. Husemwa kwamba Mwalimu alifunga na Mwinyi akafungua. Si hivyo kamili. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya Mwalimu akiwa bado Ikulu, ndiyo iliyoanza kumruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Mwinyi aliusukuma hadi mwisho, na kuusukuma kulihitaji ujasiri, kwani Mwalimu alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na neno lake lilisikika. Fikirini kazi ya mtu anayebadilisha sera za mtangulizi wake huku mtangulizi huyo ndiye anayeongoza vikao vya chama chake.

Mwaka 1986 serikali ikatangaza Mpango wa Kufufua Uchumi na kufikia makubaliano na IMF. Dola iliyokuwa kwa shilingi 17 ikawa kwa shilingi 40. Alipoondoka madarakani ilikuwa imezidi shilingi 500. Daladala zikajaa barabarani. Nguo za mitumba, zile zilizoitwa kafa ulaya, zikawavika watu waliokuwa wakitia kiraka juu ya kiraka. Magazeti binafsi yakaanza, na mwaka 1994 televisheni zikaonekana Dar es Salaam, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Watu wakampa jina la Mzee Ruksa, naye akalipokea kwa furaha hadi likawa jina la kitabu cha maisha yake.

Nimewasikia wanaombeza kwamba aliuza Azimio la Arusha, lile tamko la Ujamaa la Mwalimu, kwa sabuni na khanga. Siungani nao. Mama aliyekosa sabuni ya kumfulia mtoto mchanga hakuwa akikosa anasa. Lakini upande wa pili lazima usemwe na sisi tunaompenda. Mshahara wa mwalimu uliyeyuka kwa mfumuko wa bei. Uchangiaji wa gharama uliingia shuleni na hospitalini, na watoto wa maskini ndio walioanza kutoonekana darasani. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya chama, ikikutana Zanzibar, ililegeza miiko ya uongozi: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, mishahara miwili, nyumba ya kupangisha. Hilo ndilo Azimio la Zanzibar. Soko lilihitaji kufunguliwa. Sikubali kwamba ilikuwa lazima kufungua na mikono ya viongozi.

Sitakaa sana kwenye mambo ya nje, ingawa ni makubwa. Mapatano ya amani ya Rwanda yalitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, Tanzania ikiwa msuluhishi. Ndege ya Rais Habyarimana iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa ikitoka Dar es Salaam, kwenye mkutano alioukaribisha Mzee Mwinyi mwenyewe. Mwisho wa mwezi huo Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Tanzania ikawapokea.

Ndani ya nchi, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka kuwauliza wananchi kuhusu vyama vingi. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na bado Tume ikapendekeza vyama vingi, serikali ikakubali, sheria ikaanza kazi Julai 1992. Kisha zikafuata dhoruba mbili za Muungano: Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na kulazimika kujitoa mwaka 1993, na wabunge wa lile kundi la G55, yaani wabunge 55, kudai serikali ya Tanganyika, ya bara peke yake. Mwalimu alikasirika, akaandika kitabu kizima kuwalaumu Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba. Wote wawili waliondolewa katika nyadhifa hizo.

Sasa nafika kwenye swali lililonileta hapa. Mwaka 1994 ilibainika kwamba misamaha ya kodi ilikuwa ikitolewa ovyo na ushuru haukusanywi, hazina inavuja, na wahisani wakasimamisha misaada. Desemba mwaka huo Baraza la Mawaziri likapangwa upya, na Wizara ya Fedha ikapewa waziri mwingine. Lakini kupangwa upya si kuwajibika. Sikumbuki kwamba tuliona mwaka ule barua kama ile ya Januari 1977. Rais aliyewahi kubeba mzigo wa makosa ya watu asiowatuma alikuwa mpole mno kwa waliokuwa wakikosea mbele yake. Upole ulikuwa tabia yake, na kwa mwalimu wa darasa ni tunu. Kwa Rais mwenye hazina inayovuja, upole ule uliigharimu nchi. Nasema hivi nikimheshimu sana.

Ukomo wa vipindi viwili ulikuwa umeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Mwinyi ndiye Rais wa kwanza wa Muungano uliyemhusu. Tarehe 23 Novemba 1995 alimkabidhi Benjamin Mkapa, akaenda nyumbani. Hakuirudia siasa ya kugombania. Alitembea na kufanya mazoezi hadi uzeeni, akaalikwa kwenye kila shughuli, na msemo wake kwamba kila zama na kitabu chake ukaingia kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida. Alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98, akazikwa Mangapwani.

Kazi ya semina ya wiki ijayo ni hii. Gawanyikeni makundi mawili. La kwanza litafute magazeti ya Uhuru na Daily News ya Januari na Februari 1977, lituletee yalivyoripoti kujiuzulu kwa waziri, na lihesabu ni mistari mingapi iliyotolewa kwa waliokufa. La pili lisome mijadala ya Bunge ya mwisho wa 1994 kuhusu misamaha ya kodi, litafute ni nani alisema "hili ni langu". Mkikuta jina hata moja, njooni nalo, nami nitafurahi kusahihishwa mbele yenu.

Ahsanteni. Ndugu mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.