Memori kadi moja, kamera tofauti: namna ya kuihamisha bila kupoteza picha

Karibu mtazamaji. Hapa mezani tuna kamera tatu, Canon, Nikon na Sony, na memori kadi moja ya SD. Wapiga picha wa harusi na mikutano huuliza sana: kadi iliyotoka kwenye Canon ikiingia kwenye Sony, picha zilizomo zitapona? Zitapona. Kuichomeka tu hakufuti kitu. Picha hupotea pale mtu anapoandika juu yake, anapofuta au anapofomati kabla hajakopi. Kwa hiyo video hii inahusu mpangilio: nini kitangulie, nini kifuate.

Hatua ya kwanza, isome kadi usoni. Isogeze karibu na mwanga. Utaona nembo ya SD, SDHC au SDXC. SD ya kawaida huishia GB 2. SDHC inakwenda mpaka GB 32. SDXC inaanzia hapo mpaka TB 2. Zote tatu zina umbo lile lile, milimita 32 kwa 24, kwa hiyo zote zitaingia kwenye tundu lolote la SD, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kamera mpya inasoma kadi za zamani, lakini kamera ya zamani haisomi kadi mpya kuliko yenyewe. Ukichukua kamera iliyotengenezwa wakati wa SDHC ukaipa kadi ya GB 64, itasema kadi haisomeki, au itakuomba uifomati. Kama kadi ina picha, kataa, izime kamera, itoe. Kadi haijaharibika. SDHC hutumia mfumo wa faili uitwao FAT32 na SDXC hutumia exFAT, na kamera hiyo haiujui exFAT, basi.

Ukiwa bado unaitazama, angalia kasi. Namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe, sema 170 au 200, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kukopi kwenda kwenye kompyuta. Kamera inajali kasi ya kuandika. Tafuta herufi V yenye namba: V30 ina maana kadi inaahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 ni 60, V90 ni 90. Sasa piga hesabu. Kamera hupima video kwa megabiti, na megabiti 8 ni megabaiti 1. Video ya 4K ya megabiti 100 inahitaji megabaiti 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo V30 inatosha na chenji inabaki. Ukipandisha kwenye megabiti 400, unahitaji megabaiti 50, na V30 haikuahidi hizo: kamera inaweza kukata kurekodi yenyewe katikati ya hotuba ya mgeni rasmi. Ndiyo maana kadi "nzuri" kwenye kamera moja inaonekana mbovu kwenye nyingine.

Vile vile kama kadi ina safu mbili za meno ya chuma mgongoni, hiyo ni UHS-II, njia ya kupitisha data yenye kasi kuliko UHS-I ya safu moja. Kamera ya UHS-I itaitumia bila shida, ila kwa mwendo wa UHS-I. Usilipie kasi ambayo kamera yako haiwezi kuifikia.

Na ile microSD ndani ya adapta? Inafanya kazi. Lakini umeongeza sehemu nyingine ya kugusana kwa meno, na adapta za bei poa hulegea. Kwa kazi ya kulipwa, tumia SD kamili.

Hatua ya pili, fahamu kamera inajenga nini ndani ya kadi. Tuifungue kwenye kompyuta. Kamera zote zinaweka folda iitwayo DCIM, kwa sababu zinafuata kanuni moja. Ndani ya DCIM kila moja ina chumba chake: Canon hujenga 100CANON, Sony 100MSDCF, Fujifilm 100_FUJI. Ndiyo maana picha za Canon hazifutiki Sony ikianza kupiga. Sony inajijengea folda yake pembeni. Ila Sony pia hutunza faili ya kumbukumbu za picha, kama daftari la orodha, na isipoikuta itakuambia kuna kasoro kwenye hifadhidata ya picha na kuomba ruhusa ya kuitengeneza. Hapo tayari inaandika kwenye kadi yenye kazi ya mtu. Tena usishtuke ukiona kamera mpya haionyeshi picha za kamera ya kwanza, au inaonyesha alama ya kuuliza tu. Zipo. Haijui kuzifungua, hasa zikiwa RAW, yaani faili ghafi ambazo kila kampuni huziandika kwa namna yake.

Shika hili zaidi, maana linaumiza kuliko yote: video hazikai DCIM kila mara. Kamera nyingi za Sony huweka video zake za XAVC S, aina ya faili za video za Sony, kwenye folda ya PRIVATE, ndani ya M4ROOT, ndani ya CLIP. Video za AVCHD, aina nyingine ya faili za video, nazo hukaa ndani ya PRIVATE. Mtu anakopi DCIM peke yake, anaona picha zote zipo, anafomati kadi, na siku ya pili anatafuta video ya kuvishana pete. Kwa hiyo usikopi DCIM. Kopi kadi nzima, folda zote kama zilivyo, bila kubadilisha majina.

Hatua ya tatu, itoe kadi vizuri. Baada ya picha ya mwisho, tazama taa ndogo karibu na mlango wa kadi. Ikiwaka, kamera bado inahamisha picha kutoka kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu yake ya muda, kwenda kwenye kadi. Ukipiga mfululizo wa RAW kwa kadi ya polepole, taa inaweza kuwaka kwa sekunde nyingi. Subiri izimike, zima kamera kwa swichi, ndipo ufungue mlango. Ukiichomoa kabla, huenda ukapoteza zaidi ya picha moja: lile jedwali linalosema kila faili iko wapi likikatikia njiani, kadi nzima inaweza kuonekana tupu. FAT32 huweka nakala mbili za jedwali hilo. ExFAT kwa kawaida huwa na moja tu.

Ikishatoka, sukuma loki ya pembeni iende chini. Sasa haiandikiki. Lakini usiiamini kama kufuli la mlango: ndani ya kadi hakuna kinachojua loki ilipo. Ni kifaa kinachopokea kadi ndicho kinachoitazama loki na kuiheshimu. Kadi rida, yaani kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta, ikichakaa inaweza isiione kabisa.

Hatua ya nne, kopi na uhakikishe. Fungua folda mpya kwenye kompyuta, ipe tarehe, jina la kazi na jina la kamera. Kila kamera folda yake. Canon mbili zote zinaanza na IMG_0001, na ukizimwaga mahali pamoja, faili moja itaifunika nyenzake. Kopi, usihamishe kwa kukata na kubandika. Waya ukicheza katikati, kukata kunakuachia vipande huku na huku. Kisha kopi mara ya pili kwenye diski ngumu ya nje. Linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa kwa kadi na kwa nakala zote mbili. Fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho kwa ukubwa kamili, si vijipicha, kwa sababu kijipicha kinaweza kuonekana sawa wakati faili yenyewe imekatika nusu.

Usifute picha kupitia kompyuta. Kwenye Mac, ukifuta picha iliyo kwenye kadi, inaingia kwenye folda ya siri ya .Trashes humo humo, na nafasi hairudi mpaka umwage pipa la taka. Unarudisha kadi kwenye kamera, inasema imejaa, ukiitazama haina kitu.

Hatua ya tano, fomati ndani ya kamera itakayotumika. Sio kompyuta, sio kamera ya jirani. Windows inaweza kukuwekea mfumo wa faili wa NTFS, na kamera haitaisoma. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha, toa loki, ingia kwenye menyu ya mipangilio, chagua Format. Kama kamera ina matundu mawili, soma mara mbili ni tundu lipi linalofomatiwa. Kwenye DSLR nyingi za Nikon, yaani zile kamera zenye kioo ndani, kuna njia ya mkato: vitufe viwili vyenye alama nyekundu, unavishikilia pamoja sekunde kama mbili mpaka maandishi yaanze kuwaka na kuzimika, kisha unavibonyeza tena. Ni njia ya haraka mno kwa mtu mwenye haraka. Na ujue tofauti hii: kufuta zote huziacha picha ulizozifunga kwa alama ya ufunguo, kufomati hakubakishi hata hizo.

Ukimaliza, piga picha tatu na video ya nusu dakika, uzirudie kwenye skrini. Tazama namba ya faili pia. Kamera nyingi, zikipewa kadi yenye picha za zamani zenye namba kubwa, huendeleza kutoka kwenye namba hiyo. Ndiyo chanzo cha kamera kuruka ghafla kutoka 2150 hadi 8900.

Sasa, ukumbini betri ya Canon imekufa, kadi haijakopiwa, na iliyobaki ni Sony. Nenda na kadi nyingine. Kama kweli hakuna, ichomeke, kubali itengeneze daftari lake, usiguse kufuta wala kufomati, na ikopi kadi nzima kabla ya jambo lingine lolote.

Kadi mpya kutoka dukani ipimwe kabla ya kazi, iwe imenunuliwa Kariakoo au mtandaoni. Kadi bandia hujitangaza GB 128 ilhali ndani ina 8. Picha za mwanzo zinatoka safi, zinazofuata zinaandikwa hewani. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Mac au Linux F3. Zote zinajaza kadi kwa data kisha zinaisoma upya. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku.

Na picha zikipotea? Acha kupiga papo hapo. Kufomati kwa kawaida hufuta jedwali tu. Picha hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Funga loki, chomeka kwenye kompyuta, na Windows ikikuomba uifomati ndipo uitumie, bonyeza hapana. Fungua PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha faili zilizopotea, chagua kadi, na kwenye mahali pa kuhifadhi chagua diski ya kompyuta, kamwe si kadi ile ile. Faili zitarudi bila majina yake ya awali, na video ndefu huenda zikarudi vipande. Zikishapatikana, pima kadi kwa H2testw au F3. Ikitoa kosa hata moja, ikate kwa mkasi ili isirudi kwenye mkoba.