"Mama Yake Aliridhia" Si Utetezi

Viongozi wa mtaa, walimu, na ninyi akina mama wa mwalo wa Kirumba mlioacha dagaa juani ili mnisikilize, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Wengi mmenichoka kwa neno hili, lakini nitalirudia. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inasema kwamba mwathirika akiwa mtoto, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi wake haiwezi kuwa utetezi.

Nilipokuwa wakili kijana, nilimpokea binti wa miaka 13 kutoka Ukerewe. Mjomba wake alimpandisha meli Nansio kwa ahadi ya shule, akamkabidhi kwa mwenye mgahawa hapa mjini, ambako aliosha vyombo tangu alfajiri hadi usiku, na mshahara akawa anaupokea mjomba. Mama mtu aliachiwa kitenge na shilingi elfu ishirini. Kituoni, mpelelezi alinishauri kwa upole kwamba mambo ya ndugu humalizwa nyumbani. Shauri lilipofika mahakamani, shtaka lilikuwa limepunguzwa hadi kumwajiri mtoto, na mimi, kwa kuwa kesi ya jinai ni ya Jamhuri na huendeshwa na mwendesha mashtaka wa serikali, nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza wakili wa utetezi akimuuliza yule mama mara tatu kama alipokea kitenge au hakupokea. Alipokea. Mjomba akalipa faini, akatoka kabla hata sisi hatujapata daladala.

Najua kuna mzee hapa anajiuliza iwapo sasa kumlea mtoto wa dada yako kumekuwa jinai. Hapana, mzee wangu. Hata mimi nililelewa na shangazi, Sengerema. Lakini shangazi alininunulia sare, hakunikodisha. Anayeshindwa kuona tofauti hiyo aniambie mtoto anayemlea yuko darasa la ngapi.

Kuhusu ukatili wa majumbani nilikuwa na mengi, ila mshereheshaji ameshanionyesha saa. Niseme tu kwamba marekebisho ya mwaka 2022 yameondoa ile nafasi ya mkosaji wa usafirishaji haramu kulipa faini badala ya kifungo. Lakini hilo halisaidii kitu shtaka likipunguzwa kama lile la yule mjomba. Kwa hiyo ukiwa shahidi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kabla hujatia saini maelezo yako, omba usomewe, uhakikishe wameandika nani alimsafirisha mtoto, nani alimpokea, na mshahara ulikuwa unaingia mfuko wa nani.