Kuondoa Hametzi Nyumbani Kabla ya Pasaka ya Kiyahudi

Ndugu zangu, tuanze na neno lenyewe, hametzi, maana hapo ndipo wengi huteleza. Biblia za Kiswahili husema "chachu", nasi tukawaza hamira. Hametzi ni zaidi ya hamira: ni unga wa ngano, shayiri au nafaka tatu jamaa zake, ukikutana na maji ukaachwa dakika 18 bila kukandwa wala kuokwa. Kwa hiyo tambi zimo, na biskuti pia.

Vumbi si hametzi. Familia hujichosha kufua mapazia, halafu usiku wa sederi, yaani mlo wa ibada unaofungua Pasaka, watu wazima wanasinzia mezani. Inasikitisha, kwa sababu usiku huo ni wa kuwasimulia watoto. Safisheni pale chakula kinapofika: mikoba ya shule, mifuko ya makoti, viti vya gari. Watoto ndio wanaojua biskuti iliangukia wapi, basi kazi hiyo iwe yao. Vyumba vya kulala vitangulie, jiko liwe la mwisho.

Vyombo vilivyopikiwa hametzi navyo huandaliwa kwa Pasaka. Sufuria ya chuma isuguliwe, ikae saa 24 bila kupikiwa, ijazwe maji pomoni, yatokote hadi yafurike mdomoni, kisha isuuzwe kwa maji baridi. Vijiko vitumbukizwe kimoja kimoja. Vikifungwa pamoja, panapogusana maji hayafiki. Maji yakitulia, subirini yatokote tena. Mpini wenye skrubu ufunguliwe, makombo hujificha humo. Trei ya kuokea mkate hudai moto wenyewe. Vyombo vya udongo havina dawa, vifungiwe kabatini.

Usiku unaoingiza tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa Kiyahudi, yaani usiku mmoja kabla ya sederi, nyumba nzima hupekua kwa mshumaa, unyoya na kijiko cha mti. Ni desturi kuficha vipande kumi vya mkate kabla ya kupekua. Vifungeni kwenye karatasi na mwandike kila kimoja kiko wapi. Kikipotea kimoja, mmejiingizia hametzi kwa mikono yenu. Kisha hutamkwa kwamba hametzi isiyoonekana ni kama mavumbi ya nchi, kwa lugha ambayo msemaji anaielewa.

Asubuhi, kula hametzi hukoma mwisho wa saa ya nne, na kuchoma hukamilika kabla ya saa ya tano kwisha. Saa hizo huhesabiwa tangu asubuhi, kama tuzihesabuvyo sisi, ila mchana hugawanywa sehemu 12 sawa, hivyo mchana ukirefuka, saa nayo hurefuka. Tumieni ratiba ya mji wenu.